Mpika Haluwa na Vidonge Vitupu

Alikuwa akija Alhamisi moja kila mwezi, kabla kliniki ya Tudor haijafunguliwa, na hadi leo Winnie, muuguzi aliyekuwa akimtoa damu, humkumbuka kwanza kwa mikono yake. Ilikuwa mikono ya mpika haluwa wa Makadara, yenye alama za moto hadi viwikoni. Ini lake lilikuwa limejaa mafuta na kuanza kuota makovu, naye akajitolea kujaribiwa dawa mpya. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na hakuna aliyejua chake ni kipi, hata Winnie. Mzee alikunja mkono wa kanzu mwenyewe, akageukia dirisha na kuuliza kwa sauti ya chini, "Leo wataka chupa ngapi za damu, mwanangu?" Haluwa yake alikuwa ameacha kuionja, utamu aliupima kwa kunusa mvuke.

Siku ya majibu, Winnie alimweleza taratibu kwamba vidonge vyake vilikuwa vitupu, na makovu yamezidi. Mzee alivua kofia, akaizungusha magotini.

"Na wenzangu waliopewa dawa yenyewe?"

"Wengi wamepata nafuu, baba."

"Alhamdulillahi. Basi yafanya kazi," alisema. "Na yangu mimi yaanza lini?"

Dawa yake ilianza mwezi uliofuata. Winnie alipokuwa karibu kuhamishiwa kituo kingine, alipokea karatasi ya vipimo vya mzee iliyosema makovu yameanza kupungua. Aliisoma mara mbili, akatamani awe yeye wa kumwambia, lakini Alhamisi ya mzee ingefika yeye ameshaondoka.