Kasha la Visu vya Wenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jiwe. Nilitoka kwetu Likunja kwa miguu mpaka Nachingwea, nikitaka kuendesha trekta kama vijana wote wa miaka ile ya mwisho ya arobaini waliosikia habari za mashamba ya karanga. Nyapara wa karakana, Myao mnene asiyependa maneno mengi, alinikagua viganja, kisha akanionyesha jiwe la kunolea, lile la duara linalozungushwa kwa mguu.

"Trekta zina wenyewe," akasema. "Wewe utanoa."

Nikanoa mpaka nilipostaafu, ingawa si pale pale.

Asubuhi wakata visiki walituletea mashoka na mapanga yaliyojaa mapengo. Tuliyabana kwenye jiriwa, tukaondoa mapengo kwa tupa, ndipo likaja jiwe la duara, na mwisho jiwe laini la maji la kusawazisha makali. Mtu mwenye haraka hukibandika chuma kwenye jiwe mpaka kikageuka buluu. Chuma kilichoungua hivyo hakishiki makali tena. Vijana wa siku hizi wenye mashine za umeme wanaunguza visu kila siku, halafu wanalaumu kiwanda.

Kifaa nilichokipenda zaidi hakikuwa cha kazi. Kilikuwa kisu cha kukunja, ambacho mwanamume wa huku hakutoka nyumbani bila kuwa nacho. Alimenyea muhogo, akachongea mpini wa jembe, akakatia kucha. Vya dukani vilikuwa na kamani, yaani kile chuma chembamba cha mgongoni kinachobana bapa lisijifunge. Vya wahunzi wetu havikuwa nayo. Bapa lilifuliwa kwa springi ya lori iliyovunjika, likashikizwa kwa ribiti moja, kijisumari kilichopondwa ncha zote mbili, kwenye mpini wa mpingo au wa pembe, na mtumiaji alilibana kwa dole gumba. Ukizubaa, kilikula vidole vyako mwenyewe.

Basi watu wawili wa kambini wakachomana visu kilabuni kwa ajili ya mwanamke ambaye, nilivyosikia, hakumtaka hata mmoja wao. Walipona wote wawili. Mkuu wa kambi, Mzungu, akaamuru visu vyote vikusanywe, kila mtu arudishiwe chake atakapoacha kazi. Nyapara akaniletea kasha la bati lenye kufuli.

"Unavijua visu kuliko sisi," akasema. "Kikipotea kimoja, na wewe umepotea."

Tulitaka kuvifunga vibati vya majina. Watu wakakataa, wakasema kisu cha mtu hakifungwi kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kwa hiyo kila mmoja alikuja na chake, akaniambia kwa mdomo, "Hiki changu, nitakifuata." Nami nikamjibu, "Utakikuta." Niliyasema maneno hayo kwa watu wa kila kabila la kusini, na niliyasema kwa dhati.

Chuma kisichoshikwa kinapata kutu. Nikamwomba nyapara niwe nalifungua kasha kila Ijumaa baada ya swala, nivipake mafuta ya nyonyo. Akakubali, ila kisu kisivuke mlango wa karakana. Wenyewe wakajua, wakaanza kuja. Walisema wanakuja kuvisalimia. Walikaa kwenye magogo, huyu anakata kucha, yule anamenya muwa, na muda si muda kila mmoja akawa ameshika cha mwenzake.

"Hebu nkono wako uone," Mmakonde mmoja wa Newala alimwambia jirani yake, akimtilia kisu kiganjani. "Nzito huu, eh?"

Kisu kilizunguka kwa mafundi, wakulima na madereva, kila mtu akakisifu au akakicheka. Mwishowe hapakuwa na kisu ambacho wote hawakuujua mpini wake, nyufa zake na ugumu wa ribiti yake. Nilikuwa na furaha sana Ijumaa zile. Sijapata kazi nyingine iliyonifurahisha hivyo.

Aliyewapa wenzake chake bila kuombwa alikuwa Abdala, Mmakua mkata visiki kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mpini wa kisu chake ulikuwa wa pembe ya pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Masika moja homa ikamchukua. Tukamzika Nachingwea, na hapakuwa na mtu aliyejua jina la kijiji chake.

Miaka ya hamsini ilipoanza, mashamba yakapunguzwa. Watu waliachishwa kazi asubuhi na kupakiwa kwenye treni au lori kabla karakana haijafunguliwa. Wengi wakaondoka kasha likiwa limefungwa. Kisha akaletwa Bwana Stoo, Mzungu mwingine, aje kumaliza mambo. Akalifungua kasha.

"Chuma chakavu," akasema. "Peleka shimoni, fukia."

"Vina wenyewe, bwana."

"Wako wapi?"

"Makwao."

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Akafikiri kidogo. "Mwenye kisu aje yeye, akieleze kabla ya kukiona. Ijumaa. Vitakavyobaki, shimoni."

Niliazima baiskeli nikazunguka Mnero, Ruangwa, kwetu Likunja mpaka Namungo, nikimwambia kila niliyemkuta amwambie mwenzake. Wa karibu wangefika. Wa Newala na wa ng'ambo ya Ruvuma sikuwa na njia ya kuwafikia, na neno langu kwao lilikuwa linakwenda kufukiwa.

Ijumaa wakaja. Saidi wa Namungo, mkata visiki wa zamani, akakieleza kisu chake, akapewa, akarudi nyuma ya mstari. Zamu yake ilipofika tena akasema, "Kina mpini wa mpingo, una ufa karibu na ribiti, umefungwa waya wa shaba." Kilikuwa cha yule Mmakonde.

Bwana Stoo akanigeukia. "Huyu ana visu viwili?"

"Wapo wenye viwili, bwana," nikasema.

Baada ya hapo wote wakarudi mstarini. Kila mmoja alieleza kisu kisicho chake bila kukosea, maana aliwahi kukishika. Nilikasirika mno. Niliona wananiibia mbele ya macho yangu, nami nikanyamaza kwa kuwa heri viibiwe kuliko vifukiwe. Saidi akapita karibu yangu.

"Usininunie, fundi," akanong'ona. "Kwao napajua."

Nikaenda kusimama upande wa pili wa kasha.

Kikabaki cha Abdala. Watu wakakitazama, hakuna aliyesogea. Cha marehemu kina warithi wake, na warithi hakuna aliyewajua.

"Na hiki?" Bwana Stoo akauliza.

"Changu," nikasema. Nikakieleza, akanipa.

Toka hapo nilihamia kazi za barabara Ruangwa, chini ya msimamizi aliyehesabu sururu kama watoto wake, kisha zahanati ya Mnero, ambako Sista Mkuu alinifundisha kunoa mikasi. "Huu unakata ngozi ya mtu, fundi, si kitambaa," aliniambia. Katika miaka hiyo habari zilinifikia sokoni na misibani. Saidi alipeleka ufuta Newala, akamkabidhi Mmakonde kisu chake mkononi. Kingine kilipita kwa watu watatu mpaka kikafika Masasi. Sijasikia hata kimoja kilichobaki kwa aliyekidai kwa uongo. Nilimfuata Saidi mpaka Namungo nikamwomba radhi. Akacheka, akaniuliza nimekula.

Sasa nimestaafu na macho hayaoni vizuri ncha ya sindano. Kila Mmakua aliyepita sokoni kwetu nilimuuliza juu ya Abdala mkata visiki. Kina Abdala walikuwa wengi kwao, hakuna aliyekuwa wangu. Kasha lilikuwa mikononi mwangu, na watu waliniamini kuliko mtu mwingine yeyote pale karakana. Wale niliowadhania wezi wamekwisha kufikisha vya watu. Mimi ndiye niliyebaki na kisu kisicho changu.