Ubao Unaotazama Ukuta

Ubao wetu wa sinema uliegemea nguzo ya baraza, ukitazama barabara ya mtaa wetu wa Chikongola, na kuuandika ilikuwa kazi yangu. Jina la picha, saa, basi. Mimi kusoma nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, nimeshamaliza kuzaa, kwa hiyo herufi zangu zililala upande mmoja kama miti ya mihogo baada ya upepo. Watu walizizoea. Na mtaa mzima ulijua kwamba ukikuta ubao umegeuzwa uso ukutani, huulizi picha, unauliza nani amefiwa. Mume wangu ndiye aliyeanza hivyo. Alipofariki yeye, niliugeuza mwenyewe.

Majina ya watu ninaowasema hapa ninayo yote kichwani, mpaka ya baba zao. Siyaandiki. Wengine wameshalala, na sina pa kuwaombea ruhusa.

Miaka hiyo ya elfu mbili ukumbi ulikuwa umedorora. Kila nyumba ilikuwa na deki yake ya video. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa korosho, akaja siku moja akapita katikati ya viti polepole, anatazama kuta na paa.

"Bi mkubwa, msimu unakuja. Magunia yatakaa vizuri humu."

"Nipe nafasi kidogo, bwana."

"Jumamosi nakuja kuona kwa macho yangu. Nikikuta viti vitupu, Jumatatu naleta lori, vinatoka."

Tangu siku hiyo, nikisikia lori barabarani, naiweka chaki nachungulia.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, alikuwa amerudi kutoka chuo Dar es Salaam, anasubiri kazi. Akaniambia, "Bibi, tutengeneze tovuti."

"Itakula nini?"

"Tovuti haili, Bibi."

"Kila kinachokuja nyumba hii kinakula. Wewe mwenyewe ni shahidi."

Akacheka, lakini hakuacha. Alisema walimu na watu wa bandarini, wengi wao wageni kutoka mikoa mingine, hawapiti kwetu kuona ubao, ila mchana wanashinda kwenye duka la intaneti. Basi akanipeleka, nikakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yake. Mara ya kwanza aliweka pazia linalofunguka na nyota zinazodondoka. Tukalisubiri pazia mpaka jirani yetu wa kiti, ambaye alilipia dakika zake, akasema, "Dada, hiyo sinema itaanza lini?" Mjukuu wangu akaona haya, akafuta vyote.

"Bibi, watu wakija dirishani kwako wanakuuliza nini?"

Nikamwambia: picha gani, saa ngapi, mko wapi, na kama watoto wanaruhusiwa. Akaandika hayo tu, herufi nyeusi juu ya cheupe, na kwamba tuko jirani na mashine ya kusaga. "Kama ubao wako," akasema, "ila umenyooka."

"Na kuugeuza?"

"Kukiwa na msiba nitakuja hapa, nitafuta."

"Kwani yenyewe iko wapi?"

"Iko kwenye mashine, nje ya nchi huko."

Sikuipenda habari hiyo. Ubao wangu ninaufikia nikinyoosha mkono. Hiyo mashine ya ng'ambo, akifa mtu Chikongola, nani ataikimbilia kuiambia?

Jumamosi ikafika. Asubuhi mwalimu mmoja alipita kuhakikisha, akasema wanakuja karibu shule nzima. Moyo ukatulia kidogo. Baada ya adhuhuri nikasikia ukelele nyumba ya ng'ambo ya barabara. Jirani yangu, yule aliyenipikia uji matanga yote ya mume wangu, ameondoka. Sikufikiri. Niliinuka nikageuza ubao.

Mjukuu wangu akakimbia dukani kufuta. Akarudi anahema. "Bibi, umeme umekatika mji mzima. Tovuti inasema tunaonyesha saa kumi, na watu wameshasoma."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jenereta tunayo. Tuonyeshe polepole. Mwenye nyumba anakuja, Bibi."

"Jenereta ya polepole umeiona wapi?"

Lakini sikusema kwa ukali, maana na mimi nilikuwa nimeshaliwaza hilo. Nikatia kufuli. Nikajitanda kanga, nikakaa barazani, na hapo ndipo nikabanwa pande mbili. Kwenye msiba nilitakiwa niwe nimeshaingia, wanawake wenzangu wananiona nimekaa mlangoni pa sinema. Nikiondoka, wageni watakuta kufuli bila mtu, na hawarudi tena.

Wakaja. Kwanza wawili, halafu gari la bandarini limejaa, halafu walimu na watoto wao waliopakwa mafuta.

"Shikamoo, Bibi. Tovuti imesema saa kumi."

"Marahaba. Haikukosea. Ila jirani amefariki."

"Sasa si ungetuandikia?" akasema mmoja wa bandarini.

"Nimeandika." Nikamwonyesha ubao.

"Huo mgongo?"

"Ndiyo nilivyoandika."

Wengine wakacheka, wengine wakanuna. Baraza likajaa, watu wakafika mpaka mashine ya kusaga, na kule msibani vichwa vikaanza kugeuka. Nikatamani ardhi inifunike. Katikati ya hayo mwenye nyumba akatokea na kanzu yake.

"Hawa nani?"

"Watazamaji," mjukuu wangu akajibu. "Wametoka kwenye tovuti."

"Wote?" Akatazama kufuli. "Na mbona hufungui, bi mkubwa? Jenereta si unayo?"

Sauti ilinitoka yenyewe. "Fungua wewe. Halafu uvuke barabara ukawape pole."

Mwenye nyumba akavuka, akavua viatu, akakaa mkekani na wanaume. Baadhi ya walimu wakamfuata. Wa bandarini wakapanda gari lao wakinung'unika. Na mimi nikavuka, nikaingia ndani kwa wenzangu, nikalia, huku naliona lori la Jumatatu.

Umeme uliporudi, mjukuu wangu aliweka mstari mmoja juu kabisa ya tovuti: jirani akifiwa hatuonyeshi, hata kama hapa pameandikwa tunaonyesha.

Jumatatu nilikaa barazani tangu alfajiri. Lori likaja. Likapunguza mwendo, likasimama mbele yangu, limebeba magunia matupu. Dereva akatoa kichwa.

"Bibi, tajiri ameniambia nisishushe kitu hapa. Ila amesema nikuulize, Jumamosi hii ubao utatazama wapi?"

"Mwambie akamuulize Mungu. Mimi nina chaki tu."

Akacheka, akatia gia. Sikuinuka mpaka nilipoliona limepita mashine ya kusaga.