Mtaro Mbele ya Mlango Mkubwa

Habari ilinikuta Ntinda dukani: yule mama wa Naguru, mjane wa polisi, ametutoka. Niliacha sabuni yangu kwenye kaunta nikaenda moja kwa moja kanisani, kwa sababu tangu waanze ukarabati alikuwa ananiambia neno moja tu: “Siku yangu ikifika, nipitishwe mlango mkubwa, niliouingia nikiwa bibi harusi. Ule wa ubavuni ni wa wachelewaji.” Na mbele ya mlango mkubwa, nyinyi mnaopita pale mmejionea, wamechimba mtaro wa ngazi mpya.

Mimi shule sikukaa sana, kwa hiyo nisameheni nikizunguka. Kanisa likitengenezwa mimi situlii. Viti vimerundikwa kama kuni, Bikira Maria kafunikwa gunia la simenti, unaona miguu tu. Unataka kupiga goti, hujui uelekee wapi. Marehemu naye alikuwa hatulii, ila yeye wasiwasi wake aliufanyia kazi. Kila asubuhi alikwenda kuwakagua mafundi. Siku moja muuza mkaa wa jirani alikuwa amefariki, hajazikwa, na mafundi wanachimba. Mama akasimama ukingoni.

“Wekeni majembe chini! Mtu amelala ndani, nyinyi mnachimba?”

Fundi mkuu, Mnubi wa Bombo, Mwislamu mcheshi, akacheka. “Jaja, bibi yangu, huo mwiko ni wa shambani. Sisi hapa tunapanda muhogo?”

“Kwani udongo unajua unapanda nini?”

“Na wewe mtu wa Gulu, mwiko wa Waganda umeuokota wapi?”

“Nimewazikia watu wao tangu nije hapa. Nisishike na miko yao?”

Akateremka mtaroni na gomesi lake, lile vazi refu la heshima, akakaa chini kwenye tope. Nani achimbe na mama wa watu amekaa humo? Kazi ilisimama mpaka muuza mkaa akazikwa.

Basi siku hiyo nilipofika, mtambo wa zege unanguruma. Padri alikwisha sema jeneza lipite ubavuni, maana askofu anakuja kuzindua na siku zimebana. Nikamwambia fundi mkuu nani amefariki, na mlango alioutaka.

“Yule wa mtaroni?”

“Yule yule.”

Akazima mtambo. “Rudisheni udongo. Shindilieni vizuri.”

“Bosi, na askofu?” mmoja akauliza.

“Askofu ana miguu. Jaja sasa anabebwa.”

Kesho yake jeneza lilipita mlango mkubwa, juu ya udongo uliofukiwa kwa mikono ile ile iliyouchimba. Padri aliona, akatangulia. Baada ya misa gari likaondoka naye kwenda kwao Gulu, kaskazini. Nikadhani sasa watachimba. Fundi mkuu akanishika mkono: “Mzee, bado hajazikwa. Ukipata habari, nipigie.”

Nililala na simu kifuani. Mchana wa pili jamaa zake wakanijulisha, nikampigia fundi. “Amezikwa,” nikasema. Akasema, “Mungu amrehemu,” na kabla hajakata nikasikia jembe la kwanza likiingia udongoni.

Nimeishi Kampala nikiamini mila zinakufa kwa sababu tumechanganyikana. Kumbe mwiko hauulizi kabila wala dini ya anayeushika. Unataka mtu wa kukaa mtaroni. Nami sasa, kila nikisikia jembe kwa jirani, nasimama nauliza kwanza: kuna aliyelala?