Gemu la Kibaigwa

Bosi wangu anaamini watu wananunua gemu kwa aina. Mtu wa mpira ananunua mpira, wa magari magari, wa ngumi ngumi. Mimi nikamwambia hapana, bosi, watu wananunua mdomo. Ukikipa kitu jina tamu, hata gemu la kuosha vyombo utauza.

Ubishi wenyewe tuliufanyia kwenye banda letu la gemu hapa Nkuhungu, mbele ya wateja, na mimi nikishaanza kubishana mbele ya watu sirudi nyuma. Ndivyo nilivyo. Nimeishia darasa la saba, lakini mdomo wangu una digrii.

Bosi akaniokotea gemu moja lililokuwa limelala kabatini, nakala kibao, mpaka likaota vumbi. Gemu la shamba. Unalima na trekta, unavuna, unapakia, unapeleka kuuza.

"Haya, liuze hili," akasema. "Mtu ametoka kulima anakuja hapa apumzike, wewe umpe jembe tena?"

Wateja wakacheka. Mimi nikachukua boksi la kadibodi na maka peni. Nikakata picha ya lori kwenye kalenda ya zamani, nikaibandika katikati, juu nikaandika kwa herufi kubwa: KIBAIGWA. Chini yake: MAHINDI, MALORI, MADALALI. KAMA HUJAFIKA HUJAFIKA.

Kibaigwa kila mtu huku anapajua. Ukisema Kibaigwa umesema soko la mahindi, umesema malori yamejipanga barabara ya Dar, umesema kelele. Bango halikumaliza hata wiki, madogo wakaanza kulinunua lile gemu. Wakirudi wanalalamika huku wanacheka.

"Oya, mbona Kibaigwa yako ina theluji?"

"Umeenda msimu mbaya, mwanangu."

Wanacheka, wanaondoka, kesho wanawaleta wenzao nao waingizwe mjini. Kwa hiyo nilishinda ubishi, na mimi nikawa natembea kama mbunge.

Sasa, mbele ya banda letu anakaa mama mmoja muuza chapati. Ni Mrangi wa Kondoa, anaishi Zuzu, anakuja mjini kila siku na beseni lake. Mimi asubuhi yangu haianzi bila chapati yake. Mume wake ni Mgogo, alikuwa mpakiaji magunia hukohuko Kibaigwa miaka na miaka, mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya lori, gunia likamfuata. Mgongo ukakataa. Tangu hapo yuko ndani.

Siku moja mama akasimama mbele ya bango langu, anasoma polepole huku anajifuta unga mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii Kibaigwa ndiyo Kibaigwa yenyewe?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ilikuwa sentensi moja tu, wala si ndefu. Lakini bosi alikuwa amekaa pale, amenikodolea macho, anataka kuona nitajibu nini.

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Maana baba yenu hatoki nje. Mtu akipita anamuuliza tu, Kibaigwa kukoje, mahindi yameanza kushuka? Nikasema labda akipaona kwenye TV, moyo utatulia."

Akachukua gemu, na deki kuukuu ya kuchezea. Hakuomba hata tumpunguzie. Mtu anayebishana na wauza mkaa mpaka wanamkimbia, kwangu hakubishana.

Keshokutwa yake akanipa chapati, nikitaka kulipa akaukataa mkono wangu.

"Kula. Baba anakushukuru. Siku hizi anaamka mwenyewe, anajikongoja mpaka kwenye TV. Anasema Kibaigwa hajafika bado, barabara ni ndefu, ila anakwenda."

Nikaitia chapati yote mdomoni. Nikaishusha kwa chai ya bosi, bosi akanitukana.

Ikawa kila asubuhi ni ripoti. Jana kapita msituni. Jana kafika kwenye maji, akageuza. Mama anacheka anavyosimulia, ananisukumia chapati. Mimi nakula. Nasema kesho nitamwambia, kesho ikifika naikuta chapati imeshafika kabla yangu.

Mwishowe akasema, "Jumapili njoo nyumbani umwelekeze. Wewe si ndiye unayepajua?"

Nikaenda. Njia nzima hadi Zuzu nilikuwa napanga utani, maana utani ndio mlango wangu wa dharura. Nikafika, mama akanipokea mlangoni, akapitiliza jikoni uani, mimi nikaingia ndani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, mto mgongoni, pedi ya kuchezea gemu mikononi. Ile mikono ilikuwa mipana kama koleo. Pedi ilikuwa imepotea humo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. "Kaa hapa, mwelekezaji."

Kwenye TV kulikuwa na trekta limesimama barabarani, nyuma limevuta tela limejaa mpaka juu. Pembeni ile miti ya Krismasi, mamia kwa mamia. Mzee akaanza kunieleza kama dereva anayekabidhi gari kwa mwenzake.

"Huku nimekwenda, maji. Huku nimekwenda, daraja, halafu kijiji cha Wazungu, hawasalimii. Sasa nikawaza, Kibaigwa itakuwa nyuma ya kile kilima. Si unajua pale kwetu kuna milima kwa mbali?"

"Na haya mahindi kwenye tela, mzee?"

"Nimeyalima mwenyewe. Hili limashine linaniwekea alama humo barabarani, uza hapa, uza hapa. Nimekataa. Mtu hauzi njiani, watakulalia bei. Nikifika Kibaigwa ndio nauza."

Jamani. Wiki zote zile yule mzee alikuwa anazunguka Ulaya na mzigo mgongoni, anatafuta soko nililoliandika mimi kwa maka peni.

Nikafungua mdomo nitoe utani. Haukutoka. Kilichotoka ni hiki:

"Mzee, humo Kibaigwa haimo."

"Iko mbali?"

"Haimo kabisa. Hilo ni shamba la hukohuko ng'ambo. Kibaigwa niliandika mimi kwenye boksi, ili gemu litoke."

Hakuniangalia. Alibaki anaangalia trekta, injini yake inanguruma pale barabarani, imewashwa, haina pa kwenda.

"Unajua bambo?" akaniuliza baadaye.

"Sijui, mzee."

"Ni chuma kina ncha, katikati kina mfereji. Dalali anakichoma kwenye gunia, kinamtolea mahindi ya tumboni. Maana kuna watu juu wanaweka mahindi meupe, mazuri, katikati wamejaza pumba. Ukiliangalia gunia hivi, unalipenda." Akaweka pedi mapajani. "Mama yenu hana bambo la haya mambo yenu. Alikuangalia usoni tu."

Afadhali angenipiga.

"Nitamrudishia kila kitu, mzee. Leo leo."

"Halafu umwambie nini?"

Nikaangalia mlango wa uani. Akafikiri kidogo.

"Utaniletea la mpira."

"Kumbe unapenda mpira?"

"Siupendi hata kidogo. Ila mpira ukiambiwa mpira, ukichoma bambo, unatoka mpira."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikaacha. Hapohapo mama akaita kutoka jikoni, sauti imejaa furaha:

"Jamani! Mmefika?"

Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza. Halafu akageuza shingo kuelekea uani, akajibu kwa nguvu:

"Tumefika, mama! Watu wamejaa!"

Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi, akaleta chapati na maharage. Nilikula. Ungefanyaje? Mzee alikula pia, tela lake bado limesimama kwenye TV.

Jumatatu niliwahi bandani kabla ya bosi. Nikaifuta Kibaigwa kwa rangi nyeupe, nikaandika upya: GEMU LA SHAMBA. LA ULAYA. KUNA THELUJI. Mpaka leo haijanunuliwa hata nakala moja, na bosi anatembea yeye kama mbunge. "Si nilikwambia watu wananunua aina?" Sibishani naye. Wanaokuja wananunua mpira, na mimi siku hizi nadhani najua kwa nini.

Lakini ile Jumatatu, mama alipotua beseni lake, kitu cha kwanza alichokiona ni bango.

"Mwanangu, mbona umeifuta Kibaigwa?"

Nilikuwa nimelala nimejiapiza: akiuliza, nasema. Nikamwangalia. Alikuwa amevaa khanga mpya, anatabasamu kama mtu ambaye nyumbani kwake kuna mgeni.

"Imeisha, mama," nikasema. "Baba alichukua ya mwisho."

"Ya mwisho!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ngoja nikamwambie."

Akanichagulia chapati kubwa kuliko zote, akanikunjia kwenye karatasi, na mkono wangu ukaupokea ule mzigo.