Pilau ya Bampu

Jumuiya yetu ya Waislamu pale Mtopanga ina ukumbi mmoja, sufuria kubwa za kutosha kulisha harusi, na viongozi wenye adabu iliyopita kiasi. Mimi ni mmoja wa viongozi hao. Ni mwenyekiti wa kina mama, cheo ambacho kwa vitendo maana yake ni kwamba sufuria ziko juu yangu. Kwa hivyo haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa na mtu. Niliyapika mwenyewe.

Shida yetu ilikuwa moja, na hata mtoto angeieleza. Mbele ya madrasa yetu, iliyo ua mmoja na ukumbi, inapita barabara ya lami, na malori ya taka huitumia kwenda kwenye jaa la Mwakirunge. Yakienda yamejaa hujikokota. Yakirudi matupu hukimbia utadhani jaa lenyewe linayafukuza. Na saa ya kurudi kwao ndiyo saa ya watoto kutoka chuoni, ndiyo hiyo madrasa.

Aliyekuwa akiwavusha ni mama yangu. Amewasomesha watoto hao, na kabla yao aliwasomesha wazazi wao, basi aliona kuwavusha ni sehemu ya kazi. Alikuwa akiingia katikati ya barabara, akinyoosha leso yake kwa mikono miwili kama anayetaka kuianika, na lori lilisimama. Lisiposimama, mama aliruka kando. Lakini magoti yake yalikuwa yameshaacha mambo ya kuruka. Siku moja kioo cha pembeni cha lori kiliinyakua leso mikononi mwake kikaenda nayo hadi mjini, na mama akarudi nyumbani na kipande kimoja cha ile jozi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaingia chumbani nikalia, kwa sababu kioo kile kingeweza kumnyakua yeye.

Tulichotaka ni bampu. Tuta moja la barabarani mbele ya lango la madrasa, basi.

Nilimwambia mwenyekiti wetu ampigie simu afisa anayehusika na barabara. Mwenyekiti ni mzee mpole aliyestaafu bandarini, na sijapata kumsikia akipaza sauti hata kwa paka.

"Kwa simu?" akashangaa. "Mtu mzima wa watu nimwombe kwa simu? Tumwalike, mwanangu. Aje ale, kisha tuzungumze."

Afisa akaja. Alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mchangamfu, na inaelekea hakuwa na mtu wa kumpikia. Nilipika pilau ya nyama na kachumbari, tukatoa na sharubati ya ukwaju. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia tukisubiri kusikia neno bampu. Tulisikia dua ya kufungulia. Tukasikia vijiko. Tukasikia mgeni akiulizwa hali ya watoto wake, ya wazee wake na ya mvua huko kwao. Tukasikia dua ya kufungia, kisha mlango wa gari.

Nilitoka na mwiko mkononi. "Umemwambia?"

"Kabla hajala ningemwambiaje?" mwenyekiti akajibu. "Mtu ametoka kwake na njaa, nimtangulizie haja zangu?"

"Na alipokuwa akila?"

"Mwanangu! Mtu yuwatafuna!"

"Na alipokwisha kula?"

"Hapo ndo vibaya zaidi. Ashakula chakula chetu, nikimwambia ataona twamuuzia pilau."

Naibu wake akatikisa kichwa kwa huzuni. "Wallahi si ada," akasema.

Nilisimama pale nikitafuta ni wapi katika karamu ile bampu lingeweza kuingia. Kabla, haifai. Katikati, haifai. Baadaye, haifai kabisa. Nikawauliza ufumbuzi ni upi, nao wakashauriana kwa makini, wakaniambia tumwalike tena.

Mara ya pili nilipika biriani, maana niliambiwa pilau huenda haikutosha kumzoesha. Mgeni alipomaliza kunawa, aliuliza mwenyewe, kwa ile namna ya bara ya kwenda moja kwa moja: "Sasa wazee wangu, ajenda ya leo ni gani?"

Nyuma ya pazia tulishikana mikono.

"Ajenda ni kuonana," mwenyekiti akasema. "Kwani watu hawaonani?"

Hapo hasira ilinipanda. Nikapaza sauti: "Kuna jambo la barabara!"

Mwenyekiti akakohoa. "Kina mama wauliza," akamwambia mgeni, "kama barabara ilikuwa nzuri ulipokuja."

"Ilikuwa fiti kabisa," mgeni akasema. "Waambie asante."

Sijui kama umewahi kukasirika huku unapakua halua. Naibu alikuja baadaye kunipongeza kwa kumjali mgeni. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao akijikanda goti kwa mafuta ya nazi. Kesho yake alikwenda barabarani kama kawaida.

Mara ya tatu mgeni alichelewa. Ilikuwa Jumamosi, na watoto walikuwa ndio kwanza wanatoka. Gari lake lilipofika mbele ya madrasa, lilimkuta mama katikati ya lami na leso yake imetanda. Mama hakumjua. Siku zote yeye alikuwa jikoni, na mgeni alikuwa upande wa pili wa pazia. Kwake lilikuwa gari tu, na gari hilo lilipiga honi.

Mama akaweka leso juu ya boneti, akaiegemea. "Piga tena," akasema. "Mimi ni kiziwi, watoto hawa si viziwi, utawatia woga bure."

Mgeni akashusha kioo kuomba radhi, na wakati huohuo lori tupu likatokea nyuma yake. Nilikuwa langoni. Nilisikia matairi yakilia, nikaona lori likija, likija, kisha likasimama karibu na gari lake kiasi cha sinia kutopita katikati. Mama hakuondoka pale alipokuwa. Alingoja mtoto wa mwisho afike ng'ambo, ndipo akakunja leso yake. "Haya, nenda zako," akamwambia. "Na ukimjua mtu wa barabara, mwambie bibi mmoja wa Mtopanga amechoka."

Nilichungulia pembeni mwa pazia nikamwona mgeni akiingia ukumbini uso umempauka. Sinia zilikuwa zimeshatandazwa. Akakaa, akaitazama pilau, akaurudisha mkono.

"Mimi sili," akasema.

Mwenyekiti akawa kama amepigwa kofi. "Huli? Kuna ubaya gani, bwana?"

"Sili mpaka mniambie mnachotaka. Mmenialika mara tatu. Leo niombeni kitu, tafadhali."

Sijawahi kuona wazee wakiteseka vile. Kumwomba mgeni ni aibu. Mgeni kuondoka na njaa ni aibu kubwa zaidi. Mwenyekiti akamsihi ale kwanza, wataongea. Mgeni akasema waongee kwanza, atakula. Naibu akapendekeza aonje tu kidogo. Mgeni akakunja mikono. Mvuke wa pilau ukapungua, ukaisha, nami nyuma ya pazia nikawa namwomba Mungu amzidishie mtu yule ukaidi.

Mwishowe mwenyekiti akainama akalisema kwenye mkeka, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi: "Ni bampu, bwana. Mbele ya chuo. Utusamehe."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na wala si lazima."

Mgeni akavuta sinia. Alikula pilau ile baridi ikaisha.

Bampu lilikuja wiki chache baadaye, refu, nene, la kuheshimika. Mama alikwenda kulitazama na leso yake begani. Lori likaja, likapunguza mwendo lenyewe, likapanda, likashuka. Hakuna aliyelinyooshea kitu. Mama akasimama pale kwa muda mrefu, na aliporudi alisema magoti yake yamepata likizo. Sijapata kumpenda mwenyekiti kama siku hiyo, ingawa hakustahili.

Kisha mvua zikaanza. Bampu letu nene likayazuia maji yaliyokuwa yakiteremka barabarani, yakakosa pa kupita, yakageukia lango la madrasa, yakatuama kama bwawa. Watoto wakawa wanaingia chuoni viatu mkononi. Wakati tukitazama bwawa hilo, wazee walikuwa wameshamwalika afisa tena, wamshukuru.

Akaja. Aliruka bwawa mara mbili ndipo akafika mlangoni, soksi zimelowa. Wazee walimpokea, kanzu zao zimelowa hadi kwenye miundi. Akashukuriwa kwa dua ndefu, akala, akanawa, kisha akauliza kwa kuwatania: "Leo hakuna shida nyingine, wazee wangu?"

Wote wakajibu kwa pamoja: "Hakuna, alhamdulillahi!" Na mwenyekiti akakamua pindo la kanzu yake taratibu, chini ya meza ya kahawa, mgeni asione.

Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa ameshafuta mikono. Akainuka kwa kushika ukuta, akachukua leso yake kwenye msumari, akatokea mlango wa nyuma, akaenda kusimama kando ya bampu, mahali ambapo kila gari, hata la mgeni, sharti lipunguze mwendo.

Nikakifunika kwa kawa chakula kilichobaki, kwani mgeni angerudi.