Kioo ya Chumba ya Nyuma

Onésphore alijenga karibu nusu ya nyumba zenye ziko kwenye ule mulima juu ya muto Sebeya, hapa Rugerero, na kila mutu anamuita Fundi. Miaka makumi tatu ya mwiko na mchanga. Donc wakati watu ya projet walikuja kupima kama muji wetu utasimama siku volkano itatikisa tena ao mvua itashusha mulima, walichukua yeye wa kwanza. Anajua nyumba gani iko na fondasyo na gani imekaa tu juu ya udongo kama kuku.

Kazi ilikuwa hivi. Kwenye ufa ya ukuta, Fundi anabandika kipande ya kioo, nyembamba kama kidole, anashikisha na plasta huku na huku, anaandika tarehe. Wiki tatu hakuna mwenye kugusa. Kioo ikibaki muzima, ufa imelala. Ikivunjika, nyumba ingali inatembea, na Fundi mwenyewe anapiga musalaba ya rangi nyekundu kwenye mulango. Hapo unahama. Unaenda kungoja kwa salle ya paroisse, kule kanisani, na kungoja hakuna mutu anajua mwisho yake.

Alibandika vioo makumi sita na mbili. Ya mwisho alibandika kwake, chumba ya nyuma, kwenye binti yake Mwiza analala na mutoto ya mwezi moja.

Asubuhi ya kuangalia, mbele atoke, aliingia kule. Kioo ilikuwa imekatika mara mbili.

Inje Mwiza alikuwa anaanika nguo za mutoto, anaimba. Fundi alibandua ile, akatia vipande kwa mufuko ya shati, akabandika mupya, akaandika tarehe ya zamani. Kugeuka, bibi yake Béata iko kwa mulango.

"Unafanya nini?"

"Ninanyoosha."

Béata aliangalia ukuta, akaangalia mufuko. "Umefanya vizuri," alisema polepole. "Maji ya kujenga hii nyumba mi nilibeba na kichwa, kutoka Sebeya, na mimba. Mi sitoki."

Fundi na watu ya projet walianza mutaa ya chini. Injeniere yao alikuwa musichana anaitwa Isimbi, alikulia Tanzania, Kiswahili yake imenyooka kama kitabu. Kwa kila kioo alipitisha kidole gumba kwanza, kisha akaandika. Nyumba ya kwanza, kidole ikatoka nyeusi. Ya pili, nyeusi. Watu ya huku wanapika na makala, na mvua ikinyesha wanaingiza mbabula, jiko yao, ndani. Wiki tatu ni nyingi. Ni kwa nyumba ya kumi njo Fundi alielewa. Yeye, fundi ya miaka makumi tatu, amesahau moshi: kioo yake ya asubuhi ingali safi.

Kwa Karenzi, jirani yake, kioo ilikuwa imevunjika. Fundi akachovya burushi.

"Yewe Fundi," Karenzi alisema, kwa sauti, juu watu walikuwa wengi. "We njo ulijenga, we njo unazika? Hata padiri hafanyi kazi zote mbili siku moja!"

Watu walicheka, lakini si sana.

"Na kwako? Ile yako imelala vizuri?"

Fundi akapiga musalaba kwenye mulango ya Karenzi. Upande ya Kanama, mawingu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi.

Wakafika kwake. Karenzi akafuata mpaka kwa mulango. Isimbi aliinama, akapitisha kidole. Akaangalia kidole. Safi kabisa.

"Mi ninasafisha, madame!" Béata alirukia. "Kila asubuhi, na sabuni. Mi sipendi uchafu kwa chumba ya mutoto."

Isimbi aliangalia kidole tena, kisha akatabasamu. "Mama, mtaa mzima ungekuwa kama wewe." Akafungua kalamu yake ya bic. "Kizima."

"Aah, iko muzima!" Karenzi aliita toka mulangoni. "Donc mulima inajua majina ya watu!"

Matone ya kwanza ikagonga mabati. Mwiza aliingia mbio na nguo, akalaza mutoto kwenye kitanda, kichwa kwa ukuta, vile anamulaza kila siku. Kati ya ukuta na kile kichwa hakukuwa hata mukono moja.

Fundi aliingiza vidole kwa mufuko. Kioo ikamukata.

"Injeniere. Futa."

"Papa Mwiza!" Béata aliita.

"Ilivunjika." Alifungua mukono, vipande na damu. "Hii ya kwa ukuta nimeweka leo asubuhi."

Isimbi aliangalia vipande, akaangalia mutoto. "Kwa nini, Fundi?"

"Juu ni mi nilijenga."

Béata alikaa chini kwenye sakafu, akafunika uso na kitenge. Hakulia. Fundi alibeba kopo ya rangi akatoka inje. Mukono yenye ilinyoosha kuta za mulima muzima ilipiga musalaba ya kupinda, rangi ikachuruzika na mvua.

Alipogeuka alingoja Karenzi aseme kitu. Karenzi alipita mbele yake, akaingia bila kukaribishwa, akapatia Mwiza mutoto, akainua kitanda upande moja.

"Kamata ule upande," alisema. "Kitanda yangu itafuata nyuma."