Isale Ndani ya Barafu

Mjukuu wangu alinigomea wiki tatu nzima, na kosa lilikuwa langu. Ni msichana wa miaka minne, anaishi na mama yake, binti yangu wa pekee, huko nchi za baridi. Mimi niko kihambani kwetu, shamba la ukoo, juu kidogo ya Moshi, na ng'ombe mmoja na simu. Mama watoto alishatangulia. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nakaa kibarazani kusubiri simu ile ya kuonana sura. "Shikamoo babu." "Marahaba, mama." Wiki yangu yote ilikuwa hiyo.

Jumapili moja binti yangu akanionyesha mtoto akicheza nje. Theluji ilijaa uani, inamfika magotini. Alifinyanga mabonge akayarusha ukutani. Akakalia beseni la plastiki, akateleza kwenye kamlima ambako hakazidi rundo langu la samadi, nikacheka kweli. Akanionyesha na maji ya rangi waliyomimina vikombeni, wakatumbukiza kamba, wakayaacha nje yagande, na sasa yananing'inia mtini yaking'aa. Halafu akajitupa chali kwenye theluji. Akatanua mikono, akafumba macho, akatulia kimya.

Nilisahau niko wapi. Miaka mingi nilibeba mizigo ya watalii mlimani kabla ya kupewa kazi ya kuongoza. Siku moja tukishuka, theluji inaanguka, mwenzangu niliyeanza naye kazi alisema anapumzika kidogo tu. Koti lake jembamba, viatu vya kuazima. Akakaa, akalala. Nilimwita, nikampiga makofi, nikamvuta miguu. Hakuamka. Tangu hapo sisi wapagazi tuliokuwepo tuna sheria moja: anayelala kwenye theluji unamwamsha hata kwa fimbo.

"Amka! Amka wewe! Mwinue huyo mtoto, umerogwa?"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mtoto akashtuka, akaangua kilio. "Baba, ni mchezo tu," binti yangu akasema. "Watoto wote huku wanalala hivyo." Na mimi, kwa ubishi wangu huu, nikamwambia theluji naijua mimi, yeye anaijua ya uani. Akakata simu.

Jumapili iliyofuata mtoto hakutaka kuja. Nilimsikia kwa mbali: "Simtaki babu." Aisee, iliniuma. Ya pili, vilevile. Ya tatu hata binti yangu hakupiga. Nilikaa kibarazani mpaka chai ikapoa, najidanganya kwamba mtandao unasumbua. Mawingu yakafunguka, mlima ukajitokeza mweupe kule juu. Nikaugeuzia kisogo. Nilikuwa mpweke, nisiseme uongo, mpweke kiasi cha kumsimulia ng'ombe habari za kanisani.

Kwetu Uchaggani ukimkosea mtu humpelekei maneno matupu. Unampelekea isale, lile jani refu tunalolipanda mipakani mwa vihamba, na mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Lakini mtoto aliye ng'ambo nitampelekeaje jani? Niliwaza siku mbili. Ya tatu nikalikata, nikalikunja kwenye bakuli la maji na kipande cha kamba, nikaenda kwa mama muuza soda kumwomba aniwekee kwenye friza.

"Mzee wangu, barafu ya isale! Sasa hii atailamba nani?" Alicheka mpaka akashika mlango.

"Hailambwi, mama. Niwekee tu."

Kesho yake niliichukua, nikaikimbiza nyumbani ndani ya gunia, nikaitundika kwenye tawi la mparachichi. Safari hii nilipiga mimi.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mwite mtoto aone barafu yangu."

Nikageuza simu. Binti yangu alitazama. Alikua akiliona jani lile kila siku, hakuhitaji kuelezwa. "Baba," akasema, akijifuta macho kwa kiganja, "hilo si isale?"

"Ndilo. Ni lenu wote wawili."

Nusu ya uso wa mtoto ikachungulia nyuma ya mkono wa mama yake. Akaitazama barafu muda mrefu.

"Babu, yako inadondosha maji."

"Huku kuna jua, mama. Itazame haraka."

"Shikamoo babu."

Niliitikia, sijui hata kama alinisikia. Kisha akauliza kwa nini nilimfokea. Sikuwa nimewahi kumweleza mtu wa nyumbani kwangu, hata mke wangu. Nikamwambia babu alikuwa na rafiki, rafiki akalala kwenye theluji, babu akamwita na hakuamka. Ndiyo maana babu aliogopa. Binti yangu aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Mtoto alivaa mabuti, akatoka nje, mama yake akamfuata na simu. Akalala chali polepole, macho wazi, ananitazama mimi.

"Babu, hesabu mpaka kumi. Halafu niambie niamke."

Nikaanza kuhesabu. Barafu ilikuwa karibu kwisha, jani limebaki kwenye kamba. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

"Amka, mama."

Akaamka.